Kabla Hujabadili Giaboksi: Namna ya Kusoma Kelele za Gari Ulilonunua Limetumika

Leo tunaweka pembeni kantangaze na bakajani, tuongelee gari. Najua wengine mtasema bwana shamba amepotea njia. Sijapotea. Vijana wengi ninaowatembelea huku miteremko ya Meru, kuanzia Ngaramtoni mpaka Ngarenanyuki, wakishapata misimu miwili mizuri ya nyanya, vitunguu au hoho, kitu cha kwanza wanachonunua ni kirikuu, Noah au pikapu iliyotumika. Na wengi, wiki ya pili tu, wananipigia simu: "Kaka, gari inalia. Fundi anasema giaboksi imekufa."

Kinachofuata ni hela ya mbegu na mbolea kuingia gereji. Msimu unaofuata unapanda nusu eka badala ya mbili.

Ninaandika kwa sababu na sisi yametukuta.

Kilichotukuta

Mdogo wangu analima nyanya Ngarenanyuki. Mwaka jana tuliunganisha hela, yeye akatoa sehemu kubwa, tukanunua kirikuu ya mkononi hapa Arusha mjini. Tulifika kwa muuzaji asubuhi, tukakuta injini ya moto tayari. "Nimetoka kuleta watoto shule," akasema. Tukaijaribu kwenye lami, tupu, mwendo wa kilomita mbili hivi, na redio ikiimba njia nzima. Gari safi, imeoshwa mpaka chini. Tukalipa.

Siku tisa baadaye mavuno yakaanza. Safari ya kwanza ya kushusha mzigo Tengeru, mdogo wangu akasikia mlio: nguuuuu, mrefu, unaopanda kadiri gari linavyokimbia. Fundi wa kwanza alizunguka nayo mtaa mmoja, akatoa hukumu: giaboksi ibadilishwe. Ya mtumba pamoja na ufundi, milioni moja na laki moja. Na shambani kulikuwa na kreti ishirini na mbili zinasubiri.

Nikamuuliza mdogo wangu swali ninalomuuliza kila mkulima anayeniletea jani la njano: umeona nini hasa, lini, na kinabadilika na nini? Jani la njano linaweza kuwa upungufu wa naitrojeni, maji yaliyotuama, au minyoo fundo kwenye mizizi. Ukikimbilia kupiga dawa kabla hujajua, unapoteza hela na mmea unakufa vilevile. Gari ni hivyohivyo. Kelele ni dalili, siyo ugonjwa. "Giaboksi imekufa" ni jibu, na jibu lisilotanguliwa na vipimo ni kubahatisha.

Swali la kwanza: kelele inafuata nini?

Usianze kwa kuuliza kelele inatoka wapi. Sauti inatembea kwenye bodi, inakudanganya. Ya nyuma unaisikia mbele, ya kulia unaisikia kushoto. Uliza inafuata nini. Kuna vitu viwili vikubwa inavyoweza kufuata: mzunguko wa injini, au mzunguko wa matairi.

Jaribio ni rahisi. Simamisha gari, weka frii, vuta hendibreki, piga resi taratibu. Kama kelele ipo na inapanda na resi, inatoka kwenye injini, mikanda, klachi au upande wa giaboksi unaopokea nguvu ya injini. Kama gari limesimama na kelele haipo kabisa hata ukipiga resi, ila inakuja likitembea, basi fikiria propela, difu, beringi za matairi, matairi yenyewe, au gia zinazobeba mzigo.

Halafu ingia barabarani, sehemu tambarare isiyo na magari mengi. Tembea kilomita 40 kwa saa na gia ya tatu, sikiliza. Weka ya nne kwa mwendo uleule. Resi imeshuka lakini matairi yanazunguka vilevile. Kelele ikishuka pamoja na resi, inafuata injini. Ikibaki ileile, inafuata matairi. Ikiwepo kwenye gia moja tu na kupotea kwenye nyingine, hapo ndipo unaweza kuanza kuitazama giaboksi kwa jicho baya.

Redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Mwenzako akae nyuma kama inawezekana.

Kama kelele inafuata injini: tumia mguu wa kushoto

Gari la manyuali lina kipimo cha bure, nacho ni pedali ya klachi. Gari limesimama, injini inawaka, uko frii.

Kelele ipo ukiachia klachi, ukikanyaga inapotea: beringi ya shafti inayoingiza nguvu kwenye giaboksi inaelekea kuchoka. Hilo ni la giaboksi kweli.

Kelele haipo ukiachia, ukikanyaga inakuja: ni beringi ya klachi, ile inayosukuma presha pleti. Yenyewe haina bei kubwa, ila kuifikia lazima giaboksi ishushwe. Ukishaishusha, badilisha na diski ya klachi kama imeisha, usilipe ufundi mara mbili.

Kelele haibadiliki ukikanyaga wala ukiachia: angalia mikanda, oltaneta, pampu ya maji na injini yenyewe.

Gia zinazokataa kuingia, na gia zinazoruka

Hapa ndipo watu wengi wanaliwa, kwa sababu neno "gia inasumbua" linabeba matatizo manne tofauti.

La kwanza: gia zote zinaingia kwa shida injini ikiwaka, lakini ukizima zinaingia laini kama siagi. Klachi haiachii vizuri. Kwenye kirikuu klachi inavutwa na kebo, na kebo inaweza kuwa imelegea au imechoka. Kwenye gari lenye klachi ya mafuta, angalia kama mafuta yamepungua au pampu inavuja. Kurekebisha kebo ni kazi ya dakika chache. Nimewahi kuona kijana akitajiwa giaboksi nzima kwa tatizo la namna hii.

La pili: gia moja tu, mara nyingi ya pili, inakwaruza "krrr" ukiiweka, nyingine ziko sawa. Hizo ni pete za shaba ndani ya giaboksi zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Zimelika. Gari halitakufa kesho, lakini usilazimishe mpini.

La tatu: gia inaruka yenyewe na kurudi frii, hasa ukiachia moto kwenye mteremko. Kwanza angalia mauntingi za injini na giaboksi, kisha viungo vya mpini. Vikiwa vizima, tatizo liko ndani. Hili usiliahirishe. Ukishuka na mzigo na gia ikaruka, umebaki na breki peke yake.

La nne: unakanyaga moto, resi inapanda, gari haliongezi mwendo. Hiyo ni klachi inayoteleza. Dalili inaonekana zaidi mlimani na mzigo ukiwepo, ndiyo maana ukijaribu gari tupu kwenye lami huwezi kuiona. Mara nyingi utasikia na harufu ya kuungua.

Kama kelele inafuata matairi

Fanya vipimo vinne, kimoja baada ya kingine.

1. Badilisha barabara. Toka kwenye lami ingia kwenye changarawe au lami ya aina nyingine. Mlio ukibadilika sana, huenda ni matairi yaliyolika vibaya. Pitisha kiganja juu ya tairi, utasikia meno kama ya msumeno.

2. Yumbisha taratibu kushoto na kulia, barabara ikiwa tupu. Ukielekea kushoto uzito unahamia upande wa kulia. Kelele ikiongezeka hapo, mshukiwa ni beringi ya kulia. Kinyume chake vivyo hivyo. Kisha piga jeki, shika tairi juu na chini, tikisa. Likicheza, umepata jibu au umekaribia.

3. Kanyaga moto, kisha achia. Kelele inayounguruma gari likivuta na kubadilika au kunyamaza ukiachia ni tabia ya difu. Pale ndani pinioni inasukuma krauni. Ukivuta, meno yanagusana upande mmoja. Ukiachia, yanagusana upande wa pili. Beringi ya tairi haijali kama unavuta au umeachia.

4. Toka mbele kwenda rivasi, taratibu. Ukisikia "kang!" chini, angalia krosi za propela kwanza. Ni spea ndogo. Baada yake angalia mauntingi, halafu mchezo wa meno ya difu.

Kwa gari linalovutwa na matairi ya mbele, ongeza kimoja: kata usukani mpaka mwisho uwanjani, zunguka polepole. Mlio wa "ka-ka-ka-ka" ni viungo vya shafti za mbele. Angalia raba zake, zikipasuka grisi inatoka na vumbi letu la volkano linaingia kufanya kazi ya msasa.

Otomatiki: sikiliza kuchelewa, siyo kelele tu

Wenye Noah na magari mengine ya otomatiki, dalili zenu nyingi hazilii. Injini ikiwa baridi, kanyaga breki, toa P weka D, kisha R. Gari lishike ndani ya sekunde moja au mbili. Likikaa, halafu lishike kwa kishindo, kuna tatizo. Barabarani, resi ikiruka juu katikati ya gia mbili kabla gari halijavuta, ndani kunateleza.

Angalia na oili yake. Kama giaboksi ina kijiti, pima gari likiwa sehemu tambarare kwa utaratibu wa kitabu chake. Magari mengi ya Toyota hupimwa injini ikiwa ya moto na inawaka, lakini si magari yote. Nyekundu safi ni nzuri. Kahawia iliyokolea yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Na kama giaboksi ni ya CVT, usiruhusu fundi aweke oili ya otomatiki ya kawaida eti "zote ni nyekundu". CVT ina oili yake, ukiweka nyingine unaiua mwenyewe.

Vitu vinavyofanana na ugonjwa na siyo ugonjwa

Gari lililotoka Dar es Salaam liko usawa wa bahari. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo gari lililokuwa linakimbia vizuri Dar litakuwa zito kidogo huku, hata likiwa zima kabisa. Namna ya kutofautisha: klachi ikiteleza, resi inapanda bila mwendo. Mwinuko ukiwa ndio sababu, resi na mwendo vyote vinapanda polepole pamoja.

La pili ni fobai-fo. Kirikuu na pikapu nyingi zina fobai-fo ya kuweka na kutoa, ya matope na mchanga. Ukiisahau ikiwa imewekwa halafu ukaingia lami, usukani unakuwa mzito kwenye kona, gari linavuta kama limeshikwa, na chini kunalia. Itoe kabla hujaita fundi, na usirudie, maana ukiendelea hivyo unaharibu kweli.

Oili haidanganyi

Turudi kwa kirikuu yetu. Tulifanya vipimo barabara ya Usa River, mimi na mdogo wangu. Gari limesimama, piga resi: kimya. Gia ya tatu kwenda ya nne kwa mwendo uleule: mlio uleule. Yumbisha: hakuna tofauti. Kanyaga moto: nguuuu. Achia: unafifia. Tukatazamana. Difu.

Tukampelekea mzee mmoja fundi, mtu wa maneno machache. Tukamweleza tulichokiona, hatukumwambia ugonjwa. Akaanza na kitu ambacho nataka ukishike: alifungua kwanza nati ya kujazia oili, ndipo akafungua ya kumwagia. "Ukimwaga kwanza, halafu ya kujazia ikagoma kufunguka, gari lako linalala hapa," akasema. Akaingiza kidole kwenye tundu la kujazia. Oili inatakiwa iguse mdomo wa tundu. Kidole kikatoka kikavu.

Iliyomwagika ilikuwa kidogo, nyeusi, nzito isivyo kawaida, na ukiipaka kwenye karatasi juani inang'aa kama pambo la kucha. Hivyo ni vyuma. Sili ya pinioni ilikuwa inavuja muda mrefu, ndiyo maana gari lilioshwa mpaka chini kabla hatujafika. Oili nzito nayo inapunguza mlio kwa siku kadhaa, hasa gari likiwa tupu.

Jifunze kusoma oili hiyo. Ungaunga laini kama lami kwenye sumaku ya nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji. Hii ya maji ni yetu sisi tunaovuka makorongo msimu wa mvua: difu ikiwa ya moto ukaizamisha kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na maji yanavutwa kupitia tundu la kupumulia au sili iliyochoka. Ukivuka maji ya kufika ekseli, kagua oili wiki hiyohiyo.

Na usichanganye oili. Difu nyingi zinatumia oili nzito ya GL-5, ile watu wanaiita namba 90. Giaboksi za manyuali nyingi zinataka GL-4, kwa sababu baadhi ya GL-5 zinakula shaba ya zile pete. Soma kitabu cha gari lako.

Ilivyoisha

Beringi za pinioni, sili, oili mpya na ufundi vilitugharimu laki tatu na kumi. Meno yalikuwa bado yanafaa. Gari lililala gereji siku mbili, tukakodi gari la jirani kwa safari moja. Kreti saba zilizobaki ziliiva kupita kiasi, zikauzwa kwa bei ya kutupa.

Gari lilipotoka, ukimya ukaturudishia kitu kingine. Mlio wa difu ulikuwa umefunika mkwaruzo wa gia ya pili. Kumbe yule fundi wa kwanza alisikia kitu cha kweli, ila alikipa ukubwa usio wake na akaliacha lile lililokuwa linatuua. Pete ya gia ya pili imelika mpaka leo. Mdogo wangu anaiweka polepole, anakanyaga klachi mara mbili, na tumeweka akiba ya kuitengeneza baada ya mavuno, siyo kabla. Ndiyo faida ya kujua: unachagua nini kianze na nini kisubiri.

Lakini nikiri. Tungezima redio ile siku ya kwanza, laki tatu hiyo tungemkata muuzaji.

Mzigo: sababu tusiyopenda kuisikia

Kirikuu ya cc 660 imetengenezwa Japani kubeba kilo 350. Ndiyo, mia tatu na hamsini. Kreti ya nyanya ikiwa na kilo 40, kreti nane ni kilo 320, umeshafika. Sisi tunapakia ishirini, tunapanda nazo kilima, halafu tunashangaa klachi inaungua, difu inalia na beringi zinakufa. Sikwambii kwamba hesabu ya biashara itakubali kreti nane kila safari, najua maisha. Nakwambia kila kreti ya ziada inalipwa, ama leo kwa safari ya pili, ama kesho gereji. Iweke kwenye daftari lako la gharama kama unavyoweka dawa.

Kabla hujatoa hela

- Fika bila kutoa taarifa ya saa kamili, na gusa boneti. Unataka injini ya baridi.
- Zima redio. Jaribu kwenye lami, kwenye changarawe na kwenye kilima.
- Omba kupakia mzigo halali, hata mifuko michache ya mbolea. Muuzaji akikataa, jiulize kwa nini.
- Fanya vipimo vyote vya juu. Dakika arobaini zinatosha.
- Ingia chini na tochi. Gari kuukuu lililooshwa chini mpaka linang'aa lirudie kuangaliwa baada ya safari.
- Mlipe fundi wako mwenyewe afungue nati za difu na giaboksi. Fundi aliyeletwa na dalali si wako.
- Andika ulichosikia: lini, mwendo gani, kinabadilika na nini. Ukienda gereji, mpe fundi dalili, usimpe jina la ugonjwa. Akikutajia ugonjwa, muulize kipimo gani kimemwonyesha.

Mkulima mzuri anapita shambani asubuhi kabla jua halijakolea, anageuza majani, anatazama chini yake. Gari nalo lipitie hivyohivyo, kila Jumapili, dakika kumi tu. Kreti zako zitafika sokoni siku uliyopanga.

Kazi njema, na tuendeshe salama.